Uzio wa kukunja wa paneli nane: unamfaa sungura anayeishi na paka?

Ukiutumia kama ulivyotoka kwenye boksi, haufai. Uzio huu wa waya wenye paneli 8 za sentimita 61 kwa 61 ulikusudiwa watoto wa mbwa: hauna paa, na kati ya fito na fito kuna karibu sentimita 4. Paka mzima huruka mita moja na nusu bila taabu, kwa hiyo urefu huo kwake ni kama kizingiti cha mlango. Zile nafasi nazo zinapitisha mkono wake hadi begani, na kitoto cha sungura cha wiki 3 kinajipenyeza na kutoka.

Kinachouokoa ni kwamba unarekebishika. Nunua mita 4 za wavu wa waya uliochomelewa, matundu ya nusu inchi, upana wa futi 4. Kata mita 2.5, kisha ugawe kipande hicho katikati kwa urefu wake. Utapata vipande viwili vya upana wa sentimita 61, vinavyotosha kuuzunguka uzio wote (mita 4.88). Mita 1.5 iliyobaki ni paa, mradi usimamishe mraba, paneli 2 kila upande, si umbo la mviringo linaloonyeshwa kwenye boksi. Eneo linapungua kutoka mita za mraba 1.8 hadi 1.5, lakini mviringo hauezekeki kwa kipande kimoja.

Kasoro ya mraba ni maungio ya katikati ya kila upande: paka akiegemea, yanabonyea ndani. Lazia ufito wa mbao wa mita 1.2 kwa nje, kila upande, na uufunge. Tumia waya laini wa kufungia, ncha zitazame nje. Vifungio vya plastiki sungura huvitafuna, na waya wa kuku ni mwembamba mno kwa kazi hii.

Kutokuwa na sakafu ni sifa, si upungufu, maana sakafu ya waya humtoa sungura vidonda vya nyayo. Tandika mkeka au zulia, kwa sababu kwenye vigae anateleza.

Sasa paa. Paka atalipanda, hilo halina mjadala, na sungura kwa maumbile huogopa kitu kilicho juu yake. Funika nusu ya paa kwa ubao, na ndani weka boksi lenye milango miwili ili asijikute amebanwa. Sungura aliyetishika huacha kula, na saa 12 bila kula ni dharura ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, kwani tumbo lake likisimama hufa upesi.

Wiki za kwanza uzio ubaki umefungwa, nawe uwatazame wote wawili. Paka akilala ubavu au akijilamba, sawa. Akinyata tumbo chini, macho yamekaza na ncha ya mkia inachezacheza, mtoe chumbani, hapo anawinda. Sungura akipiga kishindo kwa mguu wa nyuma, au akiganda masikio yamelala mgongoni, amefika mwisho wa uvumilivu. Akijinyoosha na kuosha uso mbele ya paka, mambo yanakwenda vizuri. Alfajiri na magharibi wote wawili huchangamka, na sungura akitimua mbio huamsha uwindaji hata kwa paka mpole. Saa hizo usifungue mlango wa uzio.

Mkwaruzo mdogo usiudharau: kucha na meno ya paka hubeba vijidudu vinavyotengeneza jipu. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, wala usimnyweshe amoksilini ya nyumbani. Huua bakteria wema wa tumbo lake, na yeye akafuata. Vivyo hivyo matone ya viroboto yenye fipronili: kwa paka ni dawa, kwa sungura ni sumu. Paka akishapakwa, asisogee kwenye uzio mpaka manyoya yakauke kabisa, kwa sababu hujisugua palepale sungura anapolamba waya.