Programu za kuediti picha za sura: ipi ununue ukiwa Mwanza, na ipi uipite

Mama mmoja wa Nyegezi alifungua albamu ya harusi ya binti yake mbele yangu, akaipitia taratibu hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole nisioustahili: "Baba, huyu uliyemweka humu ni nani?" Binti yake ni mweusi wa kung'aa. Kwenye albamu yangu alikuwa rangi ya chungwa, na magugu maji yaliyokuwa nyuma yake ufukweni yamegeuka bluu kama vitenge vya Makoroboi. Kamera haikuwa na kosa. Nilikuwa nimebandika preseti moja ya kununua, yaani mipangilio ya rangi iliyotayarishwa na mtu mwingine, kwenye picha zaidi ya mia nne, nikaenda kulala.

Tangu siku hiyo nikipima programu naanza na swali moja: je, itaniacha niweke mtindo mzito halafu mwenye sura abaki yeye? Bei nakuja kuiangalia baadaye, na jina la kampuni mwisho kabisa.

Nilizipitisha zote kwenye picha tatu. Ya kwanza ni ya mhitimu wa chuo aliyevaa joho, saa saba mchana, jua la utosi. Ya pili, bibi harusi mwenye shela jeupe upande wa jiwe la Bismarck, jua likizama ziwani. Ya tatu ndiyo iliyonipa kazi: mzee mvuvi wa Mwaloni Kirumba, uso umekunjamana kama wavu uliokaushwa. Huyu nilimtaka katika ule mtindo wa makunyanzi yaliyochongwa, kingo zenye giza na rangi iliyofifia. Vijana wa studio wanauita HDR, jina lisilo lake, maana HDR ni kuunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa mwanga tofauti. Huu unajulikana kwa jina la Andrzej Dragan, Mpoland ambaye ni mpigapicha na pia mwanafizikia.

Kuutengeneza, unapunguza rangi, unapandisha kontrasti ya sehemu ndogondogo, kisha unashika brashi: unang'arisha matuta ya ngozi na kutia giza kwenye mifereji yake, kunyanzi baada ya kunyanzi. Mafundi wa chumba cha giza walifanya jambo hilohilo kwa kuziba na kuachia mwanga kwa viganja. Programu yoyote inayodai kuimaliza kazi hii kwa kitufe kimoja inakupa mzee aliyepakwa masizi.

Namba moja: Affinity

Ni mwongozo wa kununua, na namba moja yangu hainunuliwi. Affinity ilikuwa ya kampuni ya Serif ya Uingereza, unalipa mara moja unamiliki. Mwaka 2024 Canva, kampuni ya programu za usanifu, wakainunua, na mwishoni mwa 2025 wakaitoa bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva. Vifaa vya akili bandia ndivyo vinavyodai malipo ya Canva, na kwa picha za sura sijavikosa.

Ina leya (tabaka za kazi zinazopangwa juu ya picha), ina maski (za kuchagua sehemu ya kuguswa tu), na filta unaweza kuziweka kama leya, kwa hiyo kesho mteja akisema "punguza kidogo" unarudi kupunguza bila kuanza upya. Ina pia njia ya kutenganisha picha mara mbili: tabaka moja la rangi na vivuli, jingine la vinyweleo na mistari. Unalainisha vivuli vilivyochafuka chini ya macho huku vinyweleo vikibaki mahali pake. Kwa ngozi nyeusi hili lina uzito wake, kwa sababu mng'ao wetu uko kwenye vinyweleo vile. Ukivifuta kwa ukungu, unapata sanamu ya plastiki. Mzee wa Mwaloni alitoka vizuri kuliko kwenye programu nyingine yoyote, ingawa nilimkalia saa nzima.

Ubaya wake: haina ghala la kupangia maelfu ya picha. Ukitoka kwenye harusi na picha elfu mbili, utachoka. Na ni ya Windows na Mac. Wa Linux hamna lenu hapa.

Namba mbili: Lightroom pamoja na Photoshop

Ingekuwa ya kwanza kama ningeishi kwa harusi kila Jumamosi. Kwa wingi wa picha Lightroom haina mpinzani mtaani kwetu: unasahihisha moja, unanakili kwa mia, kisha maski zake zinatafuta uso, ngozi, macho na midomo katika kila picha. Photoshop, iliyopo tangu 1990, unaiacha kwa zile kumi zitakazokuzwa.

Lakini soma mkataba. Programu hizi haziuzwi tena za kumiliki; toleo la mwisho la Photoshop la kununua moja kwa moja lilikuwa CS6 la mwaka 2012. Kifurushi cha wapigapicha chenye zote mbili ni karibu dola 20 kwa mwezi, yaani kama shilingi elfu hamsini, kutegemea dola imeamkaje. Bei hiyo ni ya mkataba wa mwaka unaolipwa kidogokidogo, siyo ya mwezi kwa mwezi. Ukijitoa katikati baada ya siku 14 za mwanzo, unatozwa nusu ya kiasi kilichobaki. Ilifikia hatua serikali ya Marekani, kwa ombi la tume yake ya biashara, FTC, ikawashtaki Adobe, wenye programu hizi, mwezi Juni 2024, ikidai tozo hiyo ilifichwa wateja. Kwa hiyo kama kazi yako ni ya msimu, Desemba imejaa na Machi unapiga miayo, piga hesabu ya miezi yote 12 kabla hujaingiza kadi. Na kadi yenyewe iwe ya Visa au Mastercard inayokubali malipo ya nje.

Kompyuta nayo isisahaulike. Adobe wenyewe wanataka RAM ya GB 8 kwa uchache na wanapendekeza 16. Laptopu ya mtumba yenye GB 4 itaifungua Photoshop ukiwa umeenda Kamanga na kurudi.

Namba tatu: GIMP na darktable

Zote bure, bila akaunti, bila kuuliza intaneti, na zinakubali Windows, Mac na Linux. darktable inafungua faili za RAW, yaani picha ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, GIMP inamalizia. Toleo la 3.0 la GIMP la Machi 2025 hatimaye limeruhusu filta zisizoharibu picha ya chini, jambo ambalo watu wamelisubiri hadi mvi. Kuna chombo kimoja ndani yake nakipenda kuliko vya kulipia: kinaigawa picha katika tabaka kadhaa, kuanzia mistari midogo kabisa hadi vivuli vikubwa. Kwa mzee wetu, niliongeza nguvu tabaka za katikati tu, nikaacha zile ndogo. Makunyanzi yakasimama bila ngozi kuwa na chengachenga.

Ubaya: GIMP haihifadhi kazi yenyewe kila baada ya muda. Umeme ukikatika Igoma saa tatu usiku na hukubonyeza Ctrl na S, kazi imekwenda. Photoshop kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila dakika 10. Na darktable ina vitufe vingi kama chumba cha rubani. Tenga wiki mbili za kujifunza, usianze nayo ukiwa na kazi ya mtu.

Namba nne: Snapseed

Kwa simu sina ya kuiweka mbele yake. Ni ya Google, bure, na unaweza kurudi kwenye kila hatua uliyofanya ukaipaka kwa kidole sehemu unayotaka tu. Hapo ndipo wengi hawafiki. Wanabonyeza filta ya Drama, uso mzima unakuwa jivu, wanairusha statasi. Weka Drama, rudi kwenye hatua hiyo, ipake nguoni na kwenye miamba ya nyuma, acha uso. Picha ya joho ilikaa sawa kwa dakika tano.

Photopea naitaja kwa dharura: inafanya kazi ndani ya kivinjari, inafungua faili za Photoshop, na picha haipandi kwenye seva, kwa hiyo haili bando ikishafunguka. Nimewahi kuitumia kwenye kompyuta ya kuazima Sengerema nikamaliza kazi. Ina matangazo pembeni.

Vya kupita

Photoshop ya kukreki. Niliwahi kuwekewa na fundi mmoja mjini kwa elfu kumi. Miezi miwili baadaye kila faili lilibadilika jina, halifunguki, na ujumbe wa kudai pesa ukatokea kwenye kioo. Ndani mlikuwa na picha za sendofu mbili ambazo sikuwa nimezikabidhi. Elfu kumi ile nimeilipa mara nyingi.

Halafu preseti za WhatsApp, "mia tano kwa elfu tano". Nyingi zimetengenezewa ngozi za kwingine. Rangi ya ngozi yetu inakaa kwenye nyekundu na chungwa. Preseti inayopandisha mwanga wa chungwa inampa bibi harusi sura ya mkorogo, na inayopunguza nguvu ya chungwa inamwachia majivu. Kama umeshanunua, usizitupe: washa preseti, nenda kwenye slaida za rangi, rudisha chungwa na nyekundu kwenye sifuri, angalia kijani kama kimekimbilia bluu, ndipo upunguze nguvu ya preseti nzima hadi nusu. Kinachobaki mara nyingi kinavumilika.

Ukiwa huna kitu kabisa, chukua Affinity kama kompyuta inaibeba, au Snapseed, na pesa uliyotenga peleka kwenye diski ya nje ya kuhifadhia picha. Ukifika idadi ya harusi ambazo zinakukesheza kwa kuchagua tu, hapo lipia Lightroom.

Jambo dogo la kioo: laptopu nyingi zinawaka kuliko karatasi. Picha nyeusi yenye mvuto kwenye kioo inatoka maabara ikiwa imezama, nywele na suti havitenganiki. Mimi nashusha mwanga wa kioo hadi karibu nusu ninapoediti, na kabla ya kukuza nachapisha nakala moja ndogo ya nne kwa sita, naitoa nje juani. Yule binti wa Nyegezi nilimtengenezea upya albamu yote kwa njia hiyo, kwa gharama yangu.