TAHADHARI: Nyumba moja Mkolani, wapangaji watatu, wote wamelipa

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba Mwanza, hasa huku barabara ya Shinyanga, kuanzia Nyegezi, Mkolani hadi Buhongwa: someni hii kabla hamjatuma hata shilingi mia.

Jumamosi iliyopita, kwenye geti la jirani yetu hapa Mkolani zilifika kirikuu mbili asubuhi zimejaa vyombo, ya tatu ikaja saa nane mchana. Familia tatu, mikataba mitatu, nyumba moja. Na kila mmoja ana ufunguo, na kila ufunguo unafungua! Mwalimu mmoja aliyehamishwa kutoka Sengerema alivuka daraja alfajiri na watoto wake, kashusha mpaka kitanda ndipo kirikuu ya pili ikapiga honi. Hadi jioni makochi yako nje, watu wanabishana nani alilipa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyemlipa mwenye nyumba.

Mchezo wenyewe uko hivi. Jamaa alipanga ile nyumba kihalali, akalipa miezi mitatu, akaingia na godoro na televisheni. Kisha akaweka picha mitandaoni: vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, maji ndani, fensi, 180,000 kwa mwezi. Kwa nyumba ya hadhi ile huku kwetu, hiyo bei ni chambo. Ukifika anakupokea mwenyewe, anasema ni mdogo wake mwenye nyumba. Anakufungulia bomba uone maji yanavyotoka, anawasha taa, anakuambia hivyo vitu ni vya mpangaji anayehama mwisho wa mwezi. Ukisita anampigia "dada" aliyeko Dodoma, anaweka spika. Dada ana sauti ya upole kweli, anakuuliza una watoto wangapi, anasema hataki walevi kwenye nyumba yake. Nani atamshuku mwenye nyumba anayechagua wapangaji? Halafu unasikia kuna mtu mwingine anakuja saa kumi, kwa hiyo lipia leo. Miezi sita, 1,080,000.

Pesa inatumwa kwa simu. Jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri halifanani na la kwenye mkataba, na ukiuliza unaambiwa hiyo ni laini ya shemeji. Wote watatu waliambiwa shemeji, na majina yalikuwa matatu tofauti.

Madalali wa kweli wapo, wala sisemi msiwatumie. Wengi tunawajua vijiwe vyao, wanachukua kodi ya mwezi mmoja na kesho unawakuta palepale. Huyu hakutaka hata hela ya udalali, watu wakaona wamepata nafuu.

Kilichowaponza ni ule ufunguo. Ufunguo anao mpangaji, anao mlinzi, anao hata fundi rangi. Wanaojua nyumba ni ya nani ni mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Sema unataka mkataba usainiwe pale ofisini mbele ya mwenyekiti, ugongwe muhuri, ndipo utoe pesa. Kuna dada mmoja aliyekuwa anatafuta nyumba alimwambia hivyo yule jamaa, akajibiwa mwenyekiti kasafiri. Dada akaenda mwenyewe, akamkuta mwenyekiti ofisini anakunywa chai. Ndiye pekee ninayemjua aliyeponyoka. Na gongeni geti la jirani jamani! Mimi nakaa ukuta kwa ukuta na ile nyumba, ningewaambia mwenye nyumba ni bibi mtu mzima, anakaa Igoma, na hana mdogo wa umri ule.

Mliolipa ila siku yenu ya kuhamia bado, maana sidhani kama walikuwa watatu tu, msifute meseji za muamala. Nendeni polisi mkachukue RB (namba ya taarifa yenu), hilo ni kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Pigieni na mtandao wenu mapema, pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni shughuli. Namba za simu zilizopokea pesa ziripotini 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Picha bado zinazunguka: geti la bluu, vigae vyekundu sebuleni, pazia la maua. Jana usiku nimeliona tena tangazo, safari hii wameandika nyumba ipo Kiseke.