Jalapeño au serrano: upande pilipili ipi?

Zote mbili ni pilipili za Meksiko, zote huliwa sana zikiwa bado za kijani, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Kwa ukali, serrano inaongoza: kwenye kipimo cha Scoville hufika 10,000 hadi 23,000, ilhali jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000. Hata hivyo kila tunda lina ukali wake, kwa hiyo onja kipande kabla ya kutia sufuriani.

Bustanini, jalapeño huwahi kidogo na mche wake ni mfupi, unatosha kwenye ndoo. Serrano hurefuka, pengine hadi mita 1.5, hivyo isimikie kijiti; ikianza kuzaa, inazaa kweli. Kuna mistari midogo ya kahawia kwenye ganda la jalapeño ambayo huwatia watu hofu, wakaitupa. Msiitupe jamani! Ni ganda tu limepasuka tunda likinenepa, na mimi huzitafuta hasa zenye mistari hiyo.

Jikoni ndipo zinapoachana. Nyama ya jalapeño ni nene: ipasue, toa mbegu, jaza jibini, oka. Unene huohuo huifanya iwe ngumu kukauka juani, ndiyo maana Wameksiko huiacha iive nyekundu, kisha huikausha kwa moshi ikawa chipotle. Serrano ni nyembamba. Ikatekate mbichi pamoja na nyanya, kitunguu, majani ya giligilani na ndimu, bila kuimenya.

Una ndoo moja, na mezani kuna watoto? Jalapeño. Una nafasi na unataka kachumbari inayowasha? Serrano.