Godoro la hewa kwa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji: linafaa, ila kijitabu chake kina upungufu

Godoro hili, ambalo pampu yake hujaza na kupunguza hewa katika mirija kwa zamu, tulilinunua kwa ajili ya mama mkwe baada ya upasuaji wa nyonga, kwa kuwa umri wake, kisukari na kulala muda mrefu bila kujigeuza vilimweka katika hatari kubwa ya kupata vidonda vya kulalia. Kazi yake ya msingi huifanya vizuri, na mlio wa pampu haukeri. Kasoro kubwa ni kijitabu cha maelekezo, kinachoagiza kutazama wekundu wa ngozi pekee kama dalili ya vidonda hivyo kuanza. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Yafaa kupapasa mwisho wa uti wa mgongo, nyonga na visigino ili kutambua joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, na kumsikiliza mgonjwa anapolalamikia maumivu mahali hapo. Visigino, kwa kweli, godoro haliviokoi: tuliviinua kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Kumgeuza bado ni lazima. Ninalipendekeza kwa asiyeweza kujigeuza; anayeanza kutembea mapema baada ya upasuaji halihitaji.