Pikapu ya dizeli ya otomatiki kwa kuvuta tela Dodoma: ipi uchukue, ipi uiache

Tela langu lina tangi la lita 2,000. Likijaa ni tani mbili za maji matupu. Ukijumlisha chuma na matairi unakaribia mbili na nusu, na kiangazi kizima linapiga ruti za shamba la zabibu, Hombolo. Nimeshaua giaboksi moja ya otomatiki kwa kazi hiyo. Sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu: niliitazama injini, nikapenda rangi, oili ya giaboksi sikuigusa.

Otomatiki haifi kwa uzito, inakufa kwa joto. Kati ya injini na gia hakuna klachi ya mguu, kuna bakuli lenye oili linalosukuma nguvu kwenda mbele. Gari likishika mwendo, bakuli hujifunga na oili hutulia. Ukiwa kwenye mchanga au mlimani kwa mwendo wa pole halijifungi, oili inakorogwa na kuchemka. Kawaida oili hukaa kati ya nyuzi 80 na 95. Ikipita 120 inaanza kuungua, sahani za ndani zinateleza, na kuteleza kunaongeza joto. Jua la Oktoba la Dodoma halikusaidii hapo. Kwa hiyo nimepanga hizi pikapu kwa swali moja: ipi inavumilia joto, na ikiumwa inatibika?

Ya kwanza kwangu ni Isuzu D-Max ya injini ya lita 3.0, toleo la 2012 na kuendelea. Giaboksi ni ya Aisin ya Japani, gia tano, baadaye sita. Injini yake haina papara. Ile ya 2012 inatoa nguvu ya kusokota ya Nm 380 tu, kwa hiyo giaboksi haipigwi ngumi kila unapokanyaga mafuta. Hata ile mpya ya 2020 imeishia Nm 450. Shida yake ni kuipata: D-Max nyingi utakazokutana nazo ni manyoo, yaani za gia za mkono, na mwenye otomatiki nzuri haiuzi.

Hilux inafuata, na hapa fungua macho, kwa sababu "Hilux otomatiki" ni gari tatu tofauti. Vigo, yaani Hilux za toleo la kabla ya 2015, za mwanzo zenye 3.0 zina gia nne. Imara, ila mlimani zinahangaika kati ya ya tatu na ya nne, na kuhangaika huko ndiko joto lenyewe. Kabla ya toleo kubadilika 2015 zikapewa gia tano. Kuanzia hapo 2.4 na 2.8 zina gia sita. Kwa tela chukua 2.8. Dalali akikuambia Hilux ya dizeli ya 2012 "imetoka Japani moja kwa moja", mwache aendelee kuongea huku unaondoka: Toyota iliacha kuuza Hilux Japani 2004, ikairudisha 2017. Hiyo imetoka Thailand, Uingereza au kwingineko. Si kosa, lakini aliyedanganya hapo atadanganya na kilomita.

Mitsubishi L200 ya 2.4 nayo ina Aisin. Kiwanda kiliipa tani 3.1 za kuvuta pale ilipotoka 2015, wakati wenzake wengi wanafika 3.5. Kwa tela la mbuzi wa kupeleka mnada wa Msalato inatosha na kubaki.

Namba hizo za tani, lakini, ni za tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki kikomo chake ni kilo 750 kwa pikapu hizi. Matela mengi ya kuchomelea huku kwetu hayana. Sijui tunamtegemea nani.

Ford Ranger ya 3.2 naiweka ya nne, kwa shingo upande, kwa sababu inavuta kama trekta: Nm 470. Gia zake sita zina asili ya ZF ya Ujerumani na vyuma vyake ni vizuri. Kinachosumbua ni sensa za mwendo zilizo ndani ya giaboksi. Familia hiyo hiyo ya giaboksi ndiyo iliyoifanya Ford izirudishe kurekebishwa pikapu zake za F-150 karibu milioni 1.5 za 2011 hadi 2013 huko Amerika Kaskazini, mwaka 2019, kwa kushuka ghafla hadi gia ya kwanza. Kabla ya kulipa, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Ranger ya gia kumi sitainunua iliyotumika. Ni ngumu mno kwa gereji zetu.

Ya mwisho ni Nissan Navara D40. Bei inavutia, ila oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na rejeta hizo zinajulikana kupasuka kwa ndani. Maji yanaingia kwenye oili, na giaboksi imekwisha. Ukiipenda sana, badilisha rejeta siku hiyo hiyo na ufunge kipoza oili cha pembeni.

Kuikagua, fika asubuhi injini ikiwa baridi. Ingiza D, kisha R: ikichelewa zaidi ya sekunde mbili kushika, acha. Dondosha oili kidogo kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu ni sawa, kahawia yenye harufu ya kuungua ni hasara, ya waridi kama maziwa ya stroberi ni maji. Muuzaji akisema oili hii ni ya maisha, muulize maisha ya nani. Kwa anayevuta tela, badilisha kila kilomita 40,000, kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si "ATF yoyote" (ATF ni oili ya giaboksi ya otomatiki).

Halafu omba kufunga tela lenye mzigo. Sehemu nzuri ni Nyang'oro, ukitoka Mtera kwenda Iringa, lakini hakuna atakayekuruhusu kufika huko. Mwinuko wowote mrefu unatosha. Ifungie gia ya tatu kwa mkono, panda taratibu, uone kama mshale wa mizunguko ya injini unaruka bila gari kuongeza mwendo. Ukiruka, rudisha ufunguo.