Zana ya bure ya Afrobarometer: maoni ya mtangazaji wa redio, Iringa

Uchaguzi ukikaribia, simu za asubuhi hapa studioni kwetu Iringa hubadilika. Anayepiga kutoka Mafinga haishii tena kwenye bei ya mbolea. Atasema wananchi wamepoteza imani, na anayemfuata kutoka Kihesa atasema wananchi wana imani kubwa, na kila mmoja anaongea kana kwamba ametumwa na nchi nzima. Mimi ndiye ninayekaa katikati yao. Siwezi kumwambia mzee wa watu kwamba anakosea, wala siwezi kumwachia mmoja atangaze msimamo wa Watanzania wote. Nahitaji kitu cha kushika mkononi, na ninachotumia ni zana ya uchambuzi ya Afrobarometer, ile iliyoko mtandaoni bila malipo. Maoni haya nayaandika kwa watangazaji wenzangu wa mikoani na walimu wa uraia, na kwa diwani yeyote anayetaka kujua watu wanaamini nini kabla hajapanda jukwaani.

Kwa asiyewajua, Afrobarometer ni mtandao wa watafiti ulioanza mwaka 1999, na makao yake yako Accra, Ghana. Awamu ya kwanza ilifika nchi 12, ya tisa ikafika nchi 39. Hapa Tanzania kazi ya uwandani imekuwa ikifanywa na taasisi ya utafiti ya REPOA ya Dar es Salaam. Hawapigi simu. Mdodosaji anakwenda hadi mlangoni, anakaa na mtu mmoja mwenye miaka 18 au zaidi, anamuuliza maswali kwa lugha ambayo mtu huyo anaitaka. Sampuli yetu ya nchi kwa kawaida ni watu wapatao 2,400.

Najua swali linalofuata, maana wasikilizaji huniuliza kila mara: watu 2,400 wanawezaje kusemea nchi yenye watu zaidi ya milioni 60? Ukubwa wa idadi una nafasi yake, lakini kinachobeba uzito zaidi ni jinsi watu hao wanavyopatikana, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi hii. Wadodosaji wanne wakishushwa mahali walipopangiwa, wa kwanza anatembea akilielekea jua, wa pili analipa jua mgongo, wengine wawili wanakata kulia na kushoto. Kila mmoja anahesabu nyumba kwa kanuni aliyopewa, haingii anapopapenda. Akihoji mwanamume nyumba hii, inayofuata anamhoji mwanamke. Ndani ya kaya wanaorodheshwa watu wazima wote wa jinsia inayotakiwa, kisha mmoja anapatikana kwa bahati nasibu. Aliyechaguliwa akiwa shambani, hairuhusiwi kumchukua mdogo wake kwa sababu tu ndiye aliyepo na ndiye mchangamfu. Mdodosaji anarudi baadaye, na akimkosa tena anahamia kaya nyingine.

Sisi wa redio tunaujua uzito wa hilo. Wanaopiga simu kwenye kipindi changu ni wanaume zaidi, wana vocha, na wengi nawatambua kwa sauti kabla hawajajitaja. Mama wa Kilolo anayemenya viazi huku redio ikiongea hajawahi kunipigia, na pengine hatapiga. Utaratibu huu unampa mama huyo nafasi sawa na ya mzungumzaji mkuu wa kijiweni.

Sasa zana yenyewe. Unachagua nchi, unachagua mwaka wa utafiti, kisha swali. Kundi la maswali ya imani linamuuliza mtu anamwamini kwa kiasi gani Rais, Bunge, Tume ya Uchaguzi, halmashauri yake, chama tawala, vyama vya upinzani, polisi na mahakama. Majibu yana ngazi nne, kuanzia hapana kabisa, kidogo tu, kwa kiasi, hadi sana, na aliyekosa taarifa za kutosha anaruhusiwa kusema hivyo. Jedwali linatoka hapo hapo. Watangazaji wengi huishia hapo: wananakili asilimia moja, wanaisoma kwenye taarifa, basi. Nawaomba wenzangu msiishie hapo.

Kuna swali jingine ndani ya dodoso hilo hilo: je, unajihisi uko karibu na chama chochote cha siasa, na kama ndiyo, kipi? Lichukue hilo, ulipambanishe na lile la imani kwa Tume ya Uchaguzi. Asilimia moja uliyokuwa nayo inapasuka vipande: walio karibu na chama kinachotawala, walio karibu na upinzani, na wasio karibu na chama chochote. Katika nchi nyingi ambako wanasayansi ya siasa wamelichunguza jambo hili, aliye upande wa washindi huziamini taasisi za uchaguzi kuliko aliye upande wa walioshindwa. Wameishi chini ya tume moja na sheria moja, hata kituo cha kupigia kura pengine ni kimoja. Basi ukitangaza kwamba "wananchi wanaiamini tume" bila kusema wananchi wa upande gani, umemnyima msikilizaji nusu ya habari. Na tume ikitaka kujua hali yake halisi, naona iwaangalie kwanza walioshindwa, kwa kuwa hao ndio inaowaomba wakubali matokeo wasiyoyapenda.

Swali hili la ukaribu na chama lina ukoo mrefu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilifanyia kazi tangu miaka ya 1950 walipowauliza Wamarekani kama wanajiona ni Warepublican, Wademokrati au wasio na upande. Walichokiona ni kwamba chama kwa watu wengi kinaingia nyumbani, utotoni, kinakaa kwa miaka mingi, na kinampa mtu miwani ya kutazamia kila habari. Baadaye mwanasayansi ya siasa Morris Fiorina, mwaka 1981, akaja na hoja kwamba mtu pia anaweka hesabu kichwani: chama kimenifanyia nini, kimeniangusha wapi, na hesabu hiyo inaongezeka au kupungua kadiri anavyoishi.

Nimezisikia nadharia zote mbili hewani, kwa Kiswahili cha Kihehe, kutoka kwa watu ambao Michigan hawajawahi kuisikia. Ilikuwa baada ya Mchungaji Peter Msigwa, aliyekuwa mbunge wa Iringa Mjini kwa tiketi ya CHADEMA kuanzia 2010 hadi 2020, kuhamia CCM mwaka 2024. Mzee mmoja alipiga simu, sauti imetulia kabisa.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba."

"Mimi yule nilimpigia kura mara zote. Lakini kura niliipa chama, yeye alikuwa ameibeba tu. Ameondoka, kura imebaki."

Dakika chache baadaye mama mmoja wa Ipogolo akasema yeye chama hakijui, anamjua mtu aliyefika mtaani kwao maji yalipokatika, na huyo hata akihamia wapi anamfuata. Nilitamani kuwaweka wote wawili meza moja. Huyo baba angewafurahisha watu wa Michigan, na huyo mama anaweka hesabu kama ile ya Fiorina, ingawa yake ni ya mtu, si ya chama.

Nani kati yao ndiye wengi? Takwimu za kura peke yake hazijibu. Chukua mwaka 2015. Edward Lowassa alitoka CCM Julai, akagombea kupitia CHADEMA akiungwa mkono na UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani vikiwemo CHADEMA na CUF, akapata asilimia 39.97. Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa alikuwa amepata takriban asilimia 27 na Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF kama 8. Ukizijumlisha unakaribia 35. Je, zile pointi tano hivi zilizoongezeka ni watu waliomfuata Lowassa, ni vijana waliopiga kura mara ya kwanza, au ni watu ambao mwaka 2010 walibaki nyumbani? Masanduku ya kura hayasemi. Na Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Ili kujua waliompigia walirudi naye au la, huna budi kumuuliza mtu mmoja mmoja, kwa siri, uko karibu na chama gani. Ndiyo maana nalithamini swali lile.

Zana pia inakuruhusu kugawa kwa umri, na kwetu hilo lina maana ya pekee. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, vyama vingi vikarudi 1992, uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ukawa 1995. Aliyekua kabla ya hapo alilelewa kwenye chama kimoja, shuleni hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Kijana wa leo wa Mlandege amezaliwa akikuta bendera za rangi tofauti barabarani. Kuwalinganisha hao wawili ni darasa tosha kwa mwalimu wa kidato cha nne.

Hapa nawaonya wenzangu, tena kwa nguvu. Msitumie takwimu hizi kusemea mkoa wenu, achilia mbali jimbo. Fanyeni hesabu wenyewe. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Iringa na watu 1,192,728 kati ya 61,741,120 wa nchi nzima. Hiyo haifiki asilimia 2. Kwenye sampuli ya 2,400, fungu letu ni watu kama 46. Kwa idadi hiyo, asilimia 50 unayoiona inaweza kuwa 36 au 64 kwenye hali halisi, na haijalishi umeisoma kwa sauti nzuri kiasi gani. Mbeya, wenye watu zaidi ya milioni mbili, wanapata kama 90, bado ni wachache. Kila eneo lililochaguliwa huhojiwa watu 8, kwa hiyo manispaa nzima ya Iringa inaweza kuwakilishwa na mtaa mmoja tu. Utafiti uliundwa kwa ajili ya taifa, na kwa taifa watu 2,400 wanatoa makadirio yanayopishana na ukweli kwa kama pointi 2 kila upande, wanavyoeleza wenyewe. Namsikitikia mgombea wa udiwani anayenunua "utafiti" wa kata yake kutoka kwa mtu aliyekata kipande cha jedwali la taifa.

Kuna swali moja ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote, na liko mwishoni kabisa mwa mahojiano. Mdodosaji anauliza: unadhani ni nani aliyetutuma kufanya mahojiano haya? Mwanzoni alishajitambulisha kwamba hatoki serikalini wala kwenye chama. Hata hivyo, nchi baada ya nchi, wako wengi wanaojibu kwamba ni serikali. Na watafiti waliopambanisha majibu hayo wameona kuwa anayedhani serikali ndiyo imemtuma mgeni huelekea kusema anawaamini viongozi zaidi. Fikiria mtu wa kijijini, mgeni ameingia na kishikwambi, mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyemwonyesha njia. Atajibu kwa tahadhari, na ana haki. Taasisi inayoweka swali hilo wazi, kisha ikakupa majibu yake uyatumie kuipima kazi yake yenyewe, nami naiamini zaidi kwa sababu hiyo.

Wengi huniuliza kuhusu Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa shirika la Twaweza. Hiyo ni ya simu: kaya 2,000 zilipewa simu na chaja ya jua ili zipigiwe mara kwa mara, hivyo majibu hutoka haraka. Ndiyo iliyoonyesha mwaka 2018 kwamba walioridhika na utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016, na baada ya kutolewa kukawa na maswali ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuhusu kibali cha utafiti. Kwa kufuata mabadiliko ya muda mfupi, simu inafaa. Kwa kuchimba imani na ukaribu na chama, bado nachagua mahojiano ya ana kwa ana.

Kwa matumizi ya kipindi cha redio naipa nyota nne na nusu. Nusu nyingine nitaiongeza siku watakapopatikana wafadhili wa sampuli kubwa za mikoa, maana Nyanda za Juu Kusini tuna siasa zetu zinazostahili kuhesabiwa peke yake. Kama bando lako ni dogo, usianze na zana. Anza na dodoso, ni faili la kusoma tu, unalipakua mara moja na kulichapa kwa mtu wa steshenari. Soma kwanza lile swali la nani aliyetutuma, kisha maswali ya imani, kisha lile la chama, ndipo ufungue majedwali.