Kikundi cha wenye ugonjwa wa wasiwasi Kisumu: tathmini ya huduma

Katika mtaa wa Milimani, Kisumu, kuna kituo kidogo cha ushauri nasaha ambacho huendesha kikundi cha watu wazima wenye ugonjwa wa wasiwasi. Kikundi hukutana kila Alhamisi jioni kwa saa moja na nusu, na mzunguko mmoja una vikao vinane. Nimehudhuria mzunguko mzima, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya yule ambaye amekwisha kupimwa malaria, taifodi, presha na moyo, akaambiwa hana kitu, ilhali usiku hapati usingizi na mchana moyo unamwenda mbio. Jina la kituo silitaji kwa kuwa tulikubaliana tangu kikao cha kwanza kwamba mlango wetu usitangazwe. Anayekihitaji anaweza kuelekezwa na mhudumu wa kliniki anakotibiwa.

Mapokezi yao ni ya makini. Kila mgeni huonwa kwanza peke yake na mshauri, akaulizwa maswali saba ambayo yametumika katika nchi nyingi tangu mwaka 2006. Yote yanahusu wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi alijawa na wasiwasi, ni mara ngapi alishindwa kuuzuia, ni mara ngapi alikereka upesi au aliogopa kwamba jambo baya lingetokea. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haiwezi kuzidi 21, na anayefikisha 10 huchunguzwa zaidi. Lililonipendeza ni kwamba mshauri hakuishia kwenye alama. Aliuliza pia habari za pombe, za upungufu wa damu na za tezi ya shingo, kwa sababu tezi inayofanya kazi kupita kiasi huweza kuleta mapigo ya moyo ya kasi, jasho na mikono kutetemeka, na mmoja wetu alirudishwa hospitalini akapimwe tezi hiyo kabla ya kupokelewa.

Mbinu za kutuliza mwili hufundishwa mapema na kwa muda mfupi. Tulijifunza kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita, kwa kuwa moyo hupunguza kasi mtu anapotoa pumzi. Tulijifunza pia kukaza misuli na kuilegeza, sehemu moja ya mwili baada ya nyingine, njia ambayo daktari Edmund Jacobson aliieneza nchini Marekani katika miaka ya 1920 na 1930. Mazoezi haya yana faida, lakini mshauri alituonya mapema kwamba mtu anayekimbilia pumzi zake kila anapoguswa na hofu huendelea kuamini kuwa hofu yenyewe ina madhara.

Uzito wa huduma hii uko kwingine. Msingi wake ni tiba ya fikra na mwenendo, ambayo daktari Mmarekani Aaron Beck alianza kuijenga katika miaka ya 1960, na nguzo yake katika kutibu wasiwasi ni kumrudisha mtu kidogo kidogo mahali alipopakimbia. Mwenzetu mmoja, mama anayeuza nguo za mtumba, alikuwa ameacha kwenda soko la Kibuye siku za Jumapili baada ya kupandwa na hofu ya ghafla akiwa katikati ya umati. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko lile, na kila aliyeishi Kisumu anajua mchuuzi anayeikosa anakosa nini. Kila Jumapili aliyobaki nyumbani alipata nafuu kwa saa kadhaa, na nafuu hiyo ndiyo iliyomfunza mwili wake kwamba alikuwa ameponea chupuchupu, hata wiki iliyofuata soko likazidi kumtisha. Hofu iliendelea kupanuka: kutoka Jumapili ikaenda siku za kazi, kutoka sokoni ikaingia kwenye matatu za kwenda huko.

Waliandika naye ngazi ya hatua. Kwanza alisimama ng'ambo ya barabara akilitazama soko. Kisha aliingia siku ya Jumanne asubuhi, watu wakiwa wachache. Halafu ikaja Jumapili, akifuatana na mshauri na baadhi yetu tuliojitolea. Siku zote alikuwa akibeba mkoba wenye chupa ya maji, peremende za kumtia nguvu na simu iliyofunguliwa tayari kwenye namba ya dada yake, na siku hiyo aliombwa auache mkoba kituoni. Tulisimama naye kando ya robota la viatu vya mtumba ambalo mchuuzi wake alikuwa ndio kwanza analifungua. Mshauri alipomuuliza kiwango cha hofu kutoka 0 hadi 10, alisema tisa, na vidole vyake vilikuwa vimeukunja upindo wa leso hadi kucha zikabadilika rangi. Hakuna aliyemwambia atulie wala apumue. Aliambiwa abaki hapo hapo na atazame viatu. Mwenye robota aliendelea kupanga jozi zake, na kabla hajamaliza, mama yule alisema sita, baadaye kidogo akasema nne, kisha akainama, akashika viatu vya mtoto na kuuliza bei. Alitajiwa bei akaipinga, wakavutana kama wachuuzi wanavyovutana, naye akaondoka na viatu.

Mshauri alitueleza kilichotokea. Hofu ya ghafla hupanda haraka, mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha hushuka yenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kudumu katika hali ile ya kujihami. Anayekimbia kabla ya kilele hapati nafasi ya kuuona mteremko. Nimesikia maelezo kama haya katika mihadhara ya afya ya akili, lakini kuyaona yakitimia mbele ya robota la viatu kuna nguvu ambayo mhadhara hauna.

Kwa wale ambao wasiwasi wao hauna mahali maalumu, bali huzunguka kati ya karo, kodi ya nyumba na afya ya wazazi, kikundi hutumia njia ya kuutengea wasiwasi muda wake. Mtu huchagua nusu saa ya kila siku, mbali na saa ya kulala, na mawazo yanayomjia kabla ya hapo huyaandika kwenye daftari na kuyaahirisha. Muda ukifika, huyagawa: yale yenye hatua ya kuchukua huyapangia hatua, na yale ya «itakuwaje kama» huyaacha yapite. Msaidizi wa mshauri ndiye aliyesimamia sehemu hii. Yeye ni mhudumu wa jamii aliyepewa mafunzo, hana shahada ya saikolojia, na najua wapo watakaomdharau kwa hilo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2016 mpango wa vikao vitano ulioundwa makusudi uendeshwe na watu wa namna hiyo, na ulijaribiwa kwa wanawake wa pembezoni mwa Nairobi ukawapunguzia dhiki. Huyu wa kwetu alikuwa msikivu kuliko wataalamu kadhaa ninaowafahamu.

Wapo walioambiwa na ndugu zao kwamba wasiwasi ni upungufu wa imani. Mshauri hakubishana na maombi ya mtu yeyote. Aliwaomba waendelee kuomba na wafanye pia mazoezi waliyopangiwa ya wiki.

Kasoro zipo. Wakati wa mapumziko huletwa chai nzito ya maziwa, ilhali tunashauriwa kupunguza chai na kahawa kwa kuwa kafeini huuchochea moyo. Uji ungefaa zaidi. Kikao humalizika giza likiingia, jambo linalowatatiza wanawake wanaorudi Manyatta na Mamboleo. Ada ya shilingi 500 kwa kikao hutozwa hata kwa asiyefika, na hili naliona si haki kwa watu ambao ugonjwa wenyewe ndio unaowazuia kutoka nyumbani. Kubwa zaidi, kituo hakina daktari. Mwenzetu mmoja aliacha ghafla dawa yake ya wasiwasi iitwayo sertraline kwa kuona haimsaidii, wakati dawa za aina hiyo huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na hazifai kukatizwa bila usimamizi. Mshauri alimwelekeza hospitalini siku hiyo hiyo, lakini daktari wa kuja hata mara moja kwa mwezi angeliona jambo hilo mapema. Tena, mzunguko ukiisha hakuna anayekupigia simu kujua kama ngazi yako bado unaipanda.

Huduma hii haimfai mtu mwenye mawazo ya kujiua au anayetegemea pombe ili apate usingizi. Huyo aende hospitali kwanza, na kituo chenyewe humwambia hivyo. Mwingine yeyote mwenye wasiwasi unaomfungia kazi, safari au ibada ningemhimiza ajiunge. Anayetoka Kondele ashuke mjini na kuchukua tuktuk hadi Milimani, afike mapema kwa sababu mlango hufungwa kikao kikianza, na avae viatu vya kutembelea, kwani kuanzia kikao cha nne sehemu kubwa ya kazi hufanywa barabarani.